Mawe Meupe ya Kituo cha Maji

Nilifika kituo cha maji kule milimani Makueni miaka ya sabini, nikiwa na diploma mpya na kiburi kipya. Nilitumwa kuleta utaratibu: kila mtambo uwe na faili, mfumo mzima uchorwe kwenye karatasi moja, ili anayeondoka kazini asiondoke na ujuzi wake. Kazi nzuri. Hata leo naiamini.

Pampu ziliendeshwa na mzee mmoja. Kando ya kila vali palikuwa na mawe yaliyopangwa, hapa matatu, pale saba.

"Hiyo mawe usiguse, bosi," aliniambia siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimeokoka, nikiimba kwaya, na nililelewa kuogopa vitu vilivyopangwa chini. Nikasema moyoni, uganga huu. Sikumuuliza kwa nini. Nilichora kila pampu, kila bomba, kila vali. Mawe sikuyachora.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha, na hospitali ya bondeni ikabaki kutegemea bomba letu tu. Wakubwa wakatangaza kuja kukagua. Mzee alikuwa amekwenda kwao Kitui kumzika dada yake. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Niliyaokota mawe yote kwa mikono yangu, nikayapaka chokaa, nikayapanga kandokando ya njia ya ofisi. Yalipendeza kweli, na nayachukia mpaka leo.

Wageni waliusifu mchoro wangu. Mmoja akaomba aone vali kuu ikifungwa. Nikaizungusha mpaka mwisho, kwa madaha. Ardhi ikanguruma chini ya viatu vyetu, kisha kimya, kisha tukasikia bomba likipasuka bondeni.

Mzee alirudi akawakuta wauguzi wamepanga madebe makavu getini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Hiyo mawe ilikuwa hesabu," alisema. "Mawe tatu, unazungusha mara tatu, unaachia hapo. Ukipita, bomba inapasuka."

"Basi tuyarudishe, mzee. Mimi nitaandika."

Akaitembea ile njia nyeupe mpaka mwisho, akarudi polepole.

"Iliwekwa na fundi mwenye alilaza hizi bomba. Mimi nilikuwa nahesabu tu, sikuweka kwa kichwa. Na huyo fundi tulizika zamani."

Bomba lilipoungwa, ilibidi tufungue vali ya hospitali. Nilishika gurudumu, mzee akalaza sikio kwenye bomba. Nikazungusha mara moja, mara mbili, na kati yetu hakuna aliyejua mahali pa kuachia.