Sukari Ilisema Kabla ya Kifua

Gentrix Nasambu Osundwa wa Mayoni ni binti wa Osundwa, yule aliyekata miwa msimu mzima kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, na hakuna mnyapara aliyemsikia akilalamika. Osundwa alizaliwa na Osiako, aliyeswaga ng'ombe wake hadi Likuyani kununua shamba, akarudi nao nyumbani kwa sababu mwenye shamba hakumkaribisha kiti. Osiako naye alizaliwa na Namalwa, aliyevuka mto Nzoia ukiwa umefurika, mtoto mgongoni na jembe kichwani. Alipoulizwa kwa nini hakulitupa lile jembe, alijibu, "Ng'ambo ningelima kwa meno?"

Na Gentrix mwenyewe amefanya nini? Amepumua. Kwa watu wengine kupumua si tendo. Kwake ni kazi ya kuamkia, kama palizi.

Alipokuwa mchanga, mama yake Rosebella alimbusu utosini akaonja chumvi. Akina mama wakacheka, wakasema mtoto amechovywa kwenye musherekha, yale maji ya majivu ya kupikia mrenda. Rosebella hakucheka. Alikuwa ameshazika wavulana wawili waliokuwa na chumvi ileile, wote kwa kifua na kuhara, na hakuna aliyemwambia kilichowaua kinaitwaje. Jina lilipatikana Gentrix akiwa msichana mkubwa, katika hospitali ya Eldoret, walipompima jasho. Sistiki faibrosisi. Mayoni hawajaweza kulibeba jina hilo mpaka leo. Wanasema tu "kifua cha Gentrix".

Ute mzito hujaa kwenye mapafu yake, na ute huohuo umeziba kongosho, kile kiungo kinachosaga mafuta na kuituliza sukari. Kwa hiyo humeza vidonge kabla ya kula, huvuta mvuke wa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na mwishowe, kongosho lilipochoka kabisa, alianza kujidunga insulini.

Hapo upweke ukaongezeka. Kifua watu hawakukielewa, wakamwachia Mungu. Lakini sukari wanaijua! Kila boma lina bibi aliyekatazwa chai tamu. Wakamwekea Gentrix sheria za bibi. Matangani sahani yake ilipokonywa obusuma, ugali wetu, akabakishiwa mboga. Daktari alikuwa amemwambia kinyume: kula ushibe, kula mafuta, ongeza chumvi, usipopata nyama mwilini kifua kitakushinda; insulini ndiyo itakayofuata chakula, si chakula kufuata insulini. Alieleza mara nyingi, hadi akachoka. Siku hizi hula ndani, mlango umerudishwa, kama mwizi wa kuku, halafu anatoka kukaa kwenye cherehani yake na kushona sare za shule.

Mtu mmoja tu hakuhitaji kuelezwa. Ni Chepkorir, msichana wa Likuyani mwenye ugonjwa uleule; walikutanishwa kwa simu na muuguzi wa kliniki, Sista Mildred. Waliongea kila wiki, kila mmoja akikohoa upande wake. Lakini kuonana hawakuwa wameonana. Wenye ugonjwa huu hawakaribiani; vijidudu vinavyokaa kimya kwenye kifua cha mmoja vinaweza kummaliza mwenzake. Ni kama ndugu waliokatazwa kukalia mkeka mmoja.

Ndipo Chepkorir akapata harusi ya binamu yake mjini Kakamega, siku ya Jumamosi. Wakamuuliza Sista Mildred kama wanaweza kuonana huko. Akafikiri, akasema: mkiwa wazima wote wawili, nje kwenye upepo, barakoa usoni, mmoja huku na mwingine kule, mnaweza kutazamana. Gentrix alijishonea gauni la kitenge. Hakumwambia mtu kwamba ni la kutazamwa tu.

Ijumaa asubuhi akajipima sukari. Kumi na tisa.

Yeye huamka na saba, ikizidi sana nane. Akaitazama ile mashine kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Akanawa mikono kwa sabuni, maana huku kwetu kidole kilichoshika muwa kinaweza kuidanganya mashine. Akajitoboa kidole kingine. Kumi na tisa tena.

Mke wa kaka yake, Selpher, mama wa Tevin, alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Mulamwa, wifi yangu, imesemaje leo?"

"Imepanda."

"Umekula nini?"

"Nilichokula jana na juzi."

"Mulamwa, mimi si polisi. Hizi trakta zinaangushanga miwa hapo barabarani. Kama ulionja kidogo, sema tu."

"Mama Tevin, sijaonja."

"Sukari haipandi mti bila kupandishwa," Selpher akasema, akatua ndoo. "Nyanya yangu pia alikuwanga anakataa hivyo hivyo, na sukari guru iko chini ya mto wa kulalia."

Huo ndio uzito wa sukari: mtu akikohoa anapewa pole, lakini sukari ikipanda anapekuliwa. Gentrix akaikagua insulini ndani ya chungu chake cha kuipoza, chenye mchanga uliolowa maji. Ilikuwa baridi na safi. Akabonyeza paja mahali anapojidunga. Hapakuwa na uvimbe. Akampigia Sista Mildred.

"Jidunge kile kipimo cha kurekebisha tulichokuandikia, usizidishe," Sista akasema. "Kunywa maji, kula kama kawaida, pima tena baada ya saa mbili. Kisha uje nikusikilize kifua."

"Kifua hakina neno, Sista. Sijakohoa zaidi ya kawaida."

"Gentrix. Mwili ukianza kupigana, sukari hupanda kwanza. Wewe unajua."

Alijua. Mara mbili ilishawahi kumtokea hivyo: sukari ikatangulia, kikohozi kikafuata na mizigo. Alijidunga, akanywa maji. Baada ya saa mbili ikawa kumi na nne. Akapanda bodaboda hadi kliniki, akatema makohozi kwenye kikopo, Sista akasikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akampa dawa za kuanza siku hiyohiyo.

"Na kesho?" Gentrix akauliza.

Sista Mildred alivua vifaa masikioni. "Kesho unaijua mwenyewe, mama."

Njia nzima ya kurudi alijitetea moyoni. Hakuwa na homa. Sauti yake ilikuwa safi. Angesimama mbali, mbali hata kuliko walivyokubaliana, na nani angejua? Amemngoja mtu huyu miaka. Kuna nafasi gani nyingine? Wenye ugonjwa wao hawaahirishi mambo kama watu wengine wanavyoahirisha.

Jioni alikaa kitandani, gauni limetundikwa ukutani, akapiga simu.

"Uko tayari?" Chepkorir akadakia. "Mimi nimesukwa mpaka macho yamevutwa. Utafikiri Mchina."

"Chepkorir."

"Kifua kimesema?"

"Bado."

"Sasa mbona sauti yako ni ya matanga?"

"Sukari imesema."

Ukasikika mlango kule Likuyani, na mbuzi. Mtu mwingine yeyote angeuliza amekula nini.

"Ilifika ngapi?"

"Kumi na tisa. Bila sababu."

"Basi sababu iko njiani." Chepkorir akavuta pumzi, ikakwaruza. "Wewe Mluhya, sema ukweli. Umesikia Wakalenjin tunakimbia, ukaona hutanishika."

Gentrix akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akaiweka simu mbali na mdomo mpaka kipite.

"Asante kwa kuniambia," Chepkorir akasema. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Jumamosi kulipokucha kikohozi kilifika. Kilikuja kizito, cha kuinamisha, chenye ute wa kijani. Selpher alimkuta amejikunyata kwenye kiti. Alisimama pale na uji mkononi, akiangalia mashine ya sukari mezani, kisha kifua kile kinavyopanda na kushuka, kisha mashine tena.

"Kumbe ilikuwa inakuambia," akasema polepole. "Na mimi nikakuuliza miwa."

"Weka uji, Mama Tevin. Na siagi uitie."

Selpher akautia siagi bila ubishi, kijiko kizima na nusu. Akangoja Gentrix ameze vidonge, ajidunge, anywe mpaka chini.

"Una kazi leo?" Gentrix akauliza.

"Nguo za kufua tu."

"Ziache. Oga, uvae nguo ambayo haijaingia humu ndani, uende Kakamega. Kuna msichana atakuwa kwenye bustani ya mjini saa sita, amesukwa nywele, ana barakoa. Nilimwambia jana kwa simu kwamba mtu wangu atakuja. Usimkaribie sana, na mkono usimpe."

"Sasa nikifika nifanye nini, kama simpi mkono?"

"Umtazame."

"Tu?"

"Umtazame vizuri, mulamwa. Anavyosimama. Kama ni mrefu. Akicheka anashika wapi. Akikohoa anainama upande gani. Usipige picha, mtazame wewe, mpaka uweze kurudi uniambie kama mtu aliyemjua. Nenda sasa, gari zisijae."