Nilimwandika kaka yangu kama mpangaji ili kesi ya kodi iishe

Wakuu, salamu kutoka Kindu, Maniema. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo ndiyo mara ya kwanza kufungua uzi. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Uzi unahusu kodi ya vyumba vya wageni. Faini nilishalipa, haina shida tena. Kinachoniuma ni kaka yangu, ambaye alihama nyumbani kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika kwenye fomu. Sijui nitamrudisha vipi.

Twende taratibu.

Nyumba ni ya marehemu mama. Ina vyumba sita na ua mkubwa, haiko mbali na stesheni ya treni. Mama alipofariki tukabaki mimi, mke wangu na watoto, na kaka yangu Ramazani mwenye chumba chake cha nyuma.

Sasa Ramazani hakuzaliwa na mama. Naomba mlielewe hili mapema.

Miaka ya vita alifika Kindu kwa miguu kutoka upande wa Kabambare, kijana wa kama miaka kumi na nane, hana mtu. Mama alimkuta kavimba miguu, akampa maji ya chumvi ailoweke humo, akamwambia alale. Siku ya tatu wenye bunduki wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana wa kubeba mizigo yao. Waliochukuliwa, wengi hatukuwaona tena.

Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika nguo ya mama. Walipofika kwetu wakamuuliza mama, huyu kijana ni nani.

Mama akasema, "Njo huyu mutoto wangu wa kwanza. Kama munamubeba, munibebe na miye."

Wakamtazama, wakatazama ile miguu, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo Ramazani akawa mtoto wa kwanza kweli. Treni haziji, chumvi bei juu, yeye alisukuma baiskeli yenye mizigo siku nne, tano porini ili sisi tule. Karo yangu ya sekondari aliilipa yeye kwa baiskeli hiyo hiyo. Mimi namwita yaya, ndivyo huku tunavyomwita kaka mkubwa, na watoto wangu wanamwita baba mkubwa. Hakuna aliyewahi kukaa chini kulijadili.

Basi, turudi kwenye kodi.

Miaka michache iliyopita nikaona vyumba vitatu vinakaa bure wakati mji umejaa wapita njia. Wachuuzi wa madini wa Kampene, wafanyabiashara wanaoshuka kutoka Lubutu, watu wa mashirika. Hoteli ghali. Nikaweka vitanda, vyandarua, ndoo za maji, nikaanza kupangisha kwa usiku au kwa wiki. Ikalipa, sitaficha.

Huku kwetu mwenye nyumba anatakiwa kila mwaka kujaza fomu ya mapato ya pango. Mimi nilijaza vizuri kabisa: nyumba ya familia, haipangishwi. Wageni nikawafundisha.

"Mukiulizwa, museme muko watoto wa shangazi."

Mtaona ni ujanja wa kijinga, ila sisi tuliokulia vitani hapa tulizoea. Mtu mwenye karatasi akija mlangoni, kila aliye ndani ni wa familia. Mdomo unajibu kabla hujafikiri. Sikuona kama ni kudanganya, niliona ni namna ya kukaa salama. Ubaya ni kwamba mama aliitumia kuokoa mtu, mimi nikaitumia kuokoa faranga.

Nilivyokamatwa ndiyo kichekesho chenyewe.

Mfanyakazi wa shirika moja la misaada alilala kwangu wiki mbili. Siku ya kuondoka akaomba fakitire, yaani ankara, yenye jina langu na sahihi, nikamwandikia bila kuwaza. Shirika likanilipa pungufu, likasema sehemu ya kodi wamekata na wataipeleka serikalini wenyewe. Nikafurahi, nikajua hapo hakuna deni.

Sikufikiria kwamba wanaipeleka kwa jina langu. Kwa hiyo kule ofisini kodi yangu ya pango imeingia, na fomu yangu ile ile inasema sipangishi.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa kodi, mtu mzima, mtaratibu, kalamu kasokomeza kwenye kilemba. Akakuta wageni wanne wanakunywa chai uani. Kila mmoja akajitambulisha kama nilivyomfundisha.

Akanigeukia. "Shangazi yako alizala sana, papa."

Kisha akanionyesha karatasi ya shirika. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Hakuwa mkali. Alisema nitalipa ya nyuma pamoja na faini, na nijaze upya hapo hapo: kila chumba, nani analala, ni familia au mpangaji, anatoa kiasi gani. Kila mtu mzima atie sahihi mbele ya jina lake. Akaongeza kwamba uongo mwingine ukigundulika, faili linapanda juu na yeye hana la kunisaidia.

Nikaandika. Chumba cha kwanza, mpangaji. Cha pili, mpangaji. Cha tatu, mpangaji.

Nikafika chumba cha nyuma. Ramazani alikuwa amesimama pale, kadi yake ya mpiga kura, ambayo huku ndiyo kitambulisho, mkononi. Jina la baba lingine, mahali pa kuzaliwa pengine.

Yule mama akaitazama kadi. "Na huyu? Njo mutoto wa shangazi vilevile?"

Wageni wakacheka. Alitania tu, leo najua. Lakini mimi nilikuwa nimebanwa, natoka jasho, nimeshikwa na uongo mara nne asubuhi moja. Nikaona nikisema ni kaka yangu hataamini. Nikajiambia naandika mpangaji, naweka kiasi kidogo cha kubuni, nalipa mimi kodi yake, yaishe.

Nikaandika: Ramazani, mpangaji.

Akasoma. Anajua kusoma vizuri tu, ndiye aliyenifundisha herufi. Akatia sahihi, akatoka na baiskeli yake.

Nilitaka kumfuata, nikaona haya mbele ya wageni. Nikajiambia jioni nitamweleza. Jioni ikapita, na kesho yake nayo. Wakuu, kwa hili najichukia.

Mwisho wa mwezi akabisha hodi sebuleni. Yaya hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwetu.

Akaweka pesa mezani. "Mulipo wa chumba njo huu. Ile yenye uliandika."

Nikamwambia, "Yaya, ile ilikuwa ya karatasi tu."

"Karatasi nilitia sinyatire. Unipe reçu."

Nikakataa, nikalia hata. Hakupandisha sauti. Alisimama pale mpaka nikamwandikia risiti, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu alilipa, akaacha ufunguo juu ya pesa, na asubuhi akavuka mto kwenda kupanga chumba Alunguli.

Watoto wakaniuliza baba mkubwa kaenda wapi. Nikasema kikazi.

Nilikwenda kwa yule mama wa kodi kurekebisha. Nikamsimulia yote, hadi miguu iliyovimba. Akaniambia maneno yaliyonimaliza.

"Ungeandika kaka, miye ningepita tu. Siulizake damu ya watu, ninaulizaka mali."

Akanipa fomu mpya. Nikaandika kaka, nikavuka nayo mto ili aitie sahihi. Ramazani alinipokea vizuri, akanipa kiti na chai, akauliza watoto. Fomu akaisoma yote, akanirudishia.

"Haiko ya kweli, mudogo wangu. Mimi nililipa. Reçu iko."

Ndiyo hivyo wakuu.

Kwa wenye vyumba vya wageni: tangaza mapato yako tangu siku ya kwanza, hata kama ni kitanda kimoja. Weka daftari la wageni. Ukimpangishia mtu wa shirika, uliza kodi iliyokatwa inakwenda kwa jina la nani na uombe nakala. Na afisa akikuuliza nani ni nani nyumbani kwako, jibu pole pole, hata kama watu wanacheka.

Sasa naomba msaada wenu. Fomu ya mwaka huu iko hapa mbele yangu. Vyumba vingine vyote nimevijaza, kila faranga.

Pesa za Ramazani za miezi mitatu ziko kwenye bahasha, sijagusa. Kisheria ni mapato ya pango. Nikiziandika, naandika kwa mkono wangu mara ya pili kwamba alikuwa mpangaji. Nisipoziandika, nimeanza tena kuficha.

Mwenye kujua aniambie nijaze nini. Ila msiseme nimrudishie. Nimevuka mto mara tano na hiyo bahasha, na kila mara ananiuliza kama nimekosea kumwandikia risiti.