Mkono wa Kulia wa Babu

Harufu ya kahawa yenye iliki ikinijia, mkono wangu wa kushoto huanza wenyewe kugonga meza. Ni Babu aliyenifundisha. Alipiga piano miaka mingi mahotelini Mombasa, muziki wa bugi, wa dansi ya Kimarekani, aliojifunza kwa kusikiliza santuri za mabaharia. Hapa Ibra, Omani, hatukuwa na piano, basi akipiga juu ya meza, huku akiimba sauti za piano.

"Kushoto hakusimami, mwanangu, kama gari moshi. Utamu uko kulia. Sikiliza sasa."

Kila akiinua mkono wa kulia kunionyesha, Bibi alimpa finjani. Kahawa hupokewa kwa kulia, na asiyeitikisa finjani yake huongezewa. Babu hakuitikisa.

"Babu, itikise basi," nilimwomba.

"Mwache anywe," alisema Bibi. "Meza inakwenda wapi?"

Labda Bibi alikuwa na haki, kahawa yake ilikuwa nzuri kweli. Babu akanywa mpaka adhana, akaenda msikitini. Siku zote ilikuwa hivyo.

Leo binti yangu amenimiminia finjani moja tu, nami nikaitikisa upesi. Kushoto kunagonga. Mkono wa kulia nimeuweka mezani, mtupu, haujui pa kuanzia.