Asali ya Tende Motoni

Leo sukari imeniungulia jikoni, na harufu yake imenirudisha uani kwa bibi, mjini Nizwa, Omani.

Bibi alikuwa akipika asali ya tende, akiyachemsha maji ya tende kwenye karai pana mpaka yawe mazito. Mimi nilichuchumaa kando yake, mvuke mtamu ukininatia usoni. Kwetu jua lilikuwa kali, lakini juu ya jabali mbingu ilikuwa nyeusi. Kuni zilipopungua, bibi alimtuma baba na gari akalete nyingine ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu la mto.

Mara nikasikia mngurumo kama wa lori, ila haukupita.

"Bibi, nini kile?"

"Maji ya wadi yanateremka, mwanangu. Koroga, usiache."

Akenda kusimama mlangoni. "Ya Rabbi, mimi ndiye niliyemtuma," nilimsikia akisema.

Nilikoroga. Asali ikawa nyeusi, mwiko ukawa mzito, wala hakuna aliyenambia niache.

Alasiri jirani aliingia, kanzu yake imerowa hadi magotini.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alichungulia nyuma yake, mlangoni.

"Gari tumeliona," jirani akasema. "Yeye bado hatujamwona."

Kisha bibi akautoa mwiko mkononi mwangu, akauzima moto.