Mtoto Aliyelelewa Dunguni

"Kama hakubemendwa, basi ni nini?"

Aliyeuliza alikuwa mama mkwe wa dada yangu. Alikuwa amekaa mkekani barazani kwetu Kibiti, mguu mmoja ameunyoosha, vumbi la lori bado limeganda kwenye ushungi wake. Aliniuliza mimi, si mama yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeropoka kwamba hakuna kitu kinachoitwa kubemenda. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimekuja likizo ndefu.

Kwetu mtoto akikonda, au akichelewa kutembea, husemwa amebemendwa: mmoja wa wazazi wake alitoka nje ya ndoa huku mtoto bado ananyonya, kisha akaja akamshika. Nasema mmoja wa wazazi, lakini sijawahi kusikia baba akirudishwa kwao kwa kosa hilo. Mtoto wa dada alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Hakutambaa wala hakusimama. Alijiburuza kwa makalio, mkono mmoja ukisukuma kama kasia, na alipofika alikokwenda alikaa akatutazama. Mama mkwe alikuwa amewatoa mtoto na mama yake mashamba ya mpunga huko chini ya Mohoro, kwa mtumbwi, kwa lori, kwa pantoni pale mtoni, ili aje kutukabidhi. Ujumbe wa shemeji ulikuwa mfupi: mke atarudi mtoto akitembea. Asipotembea, karatasi ya talaka itamfuata huku huku.

"Lakini mama, tazama kadi ya kliniki," nilimwambia mama mkwe. "Uzito wake mzuri. Aliyebemendwa si hukonda?"

"Mwili haukubemendwa. Imebemendwa miguu."

"Miguu peke yake?"

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Ahaa. Basi kitabu chako ndicho kilichozaa." Akamgeukia mama yangu. "Mkwe mwenzangu, hebu nipe maji ya kunywa. Mwanao kanikausha koo."

Mama yangu akacheka. Kwa kicheko kile nilimnunia wiki nzima.

Katika daftari langu la chuo kulikuwa na jedwali. Miezi sita, anakaa. Miezi tisa, anatambaa. Mwaka na kidogo, anatembea. Lilipangwa kama ratiba ya treni, na mimi niliyejiona mtu wa kuhoji kila kitu sikuwahi kuhoji abiria wake walikuwa watoto wa wapi. Niliamini jedwali kama mama mkwe alivyoamini lake. Kesho yake nikambeba mtoto hadi kliniki. Muuguzi, mama mmoja wa bara, alimkunja magoti, akamkwaruza nyayo, akamnyanyua kwapani.

"Mzima huyu. Atatembea."

"Lini?"

"Akitaka."

Nikamwambia hilo si jibu la kitaalamu. Akanionyesha foleni nyuma yangu.

Nilipokwenda Dar kufuata matokeo yangu nikarudi na kigari cha kutembelea, kile cha plastiki chenye magurudumu sita na kiti cha kitambaa katikati. Miaka ile soko huria lilikuwa limefungua milango na Kariakoo ilikuwa na kila kitu ambacho utotoni mwetu hakikuwepo. Kigari kilikuwa cha manjano, chenye bata mbele anayelia ukimminya. Tulikuwa na sakafu ya saruji, ambayo baba aliiweka kabla hajapunguzwa kazi, kwa hiyo nilijua kitateleza. Kiliteleza. Mtoto akajisukuma kinyumenyume hadi ukutani, akacheka, nikamgeuza, akarudi kinyumenyume hadi ukuta wa pili. Siku tano hakuenda mbele hata hatua moja.

"Umemnunulia gari," mama alisema. "Mwenye gari atembee aende wapi?"

Yeye alikuwa na njia yake. Kila alasiri alichimba shimo dogo uani, akamsimamisha mtoto humo, akarudishia mchanga hadi kiunoni. Nilimwuliza mchanga unafundisha nini. Akasema unafundisha kusimama. Nikamwambia mchanga ndio unaosimama, mtoto amezikwa tu. Akaniambia mimi pia nilizikwa, na leo natembea hadi nakera watu. Mtoto, katikati ya ugomvi wetu, aliula ule mchanga taratibu.

Dada alifua, alipika, alikaa mlangoni. Kila lori lililosimama barabarani likitoka kusini lilimfanya anyanyue shingo, kisha aishushe. Mimi nilikuwa na haraka kwa niaba yake. Nilimshika mtoto mikono nikamburura ua mzima, asubuhi na jioni, nikihesabu hatua ambazo hazikuwa hatua. Alilegeza magoti makusudi. Naapa yalikuwa makusudi.

Siku moja nilimkuta juu ya kitanda cha mama, kitanda kirefu cha kamba ambacho hata mimi hukipanda kwa kujirusha. Hakuna aliyempandisha. Nikasimama mlangoni nisimshtue. Akajigeuza, akalala kifudifudi, akashusha mguu mmoja, akapapasa hewani, akaupata ubao, akashusha wa pili, akatua sakafuni kwa makalio. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nikamwita dada aje aone.

"Hilo?" alisema. "Hilo la zamani. Kule dunguni alikuwa anapanda ngazi mpaka kipandio cha tatu, nikimfungua."

"Ukimfungua nini?"

Akanitazama kama mtu aliyekanyaga alichokuwa anakikwepa.

Dungu nililijua, nani wa Rufiji asiyelijua? Kibanda juu ya miti mirefu katikati ya mpunga, ambamo familia huhamia msimu mzima kulinda ndege mchana na nguruwe mwitu usiku. Sikuwahi kufikiria mtoto anafanya nini humo. Dada akanieleza. Sakafu ni ya fito, zina nafasi kati yake. Ukitambaa magoti yanaumia, kwa hiyo hatambai. Ukingo hauna ukuta. Mama akishuka kufukuza ndege, mtoto hufungwa kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye mwimo. Wake alifungwa tangu alipoanza kukaa. Misimu miwili.

Nilishangilia. Nakumbuka nilivyopiga makofi kama mjinga. "Basi ndilo jibu! Hajabemendwa! Miguu haijapata pa kujifunzia, imejifunza ngazi kwa sababu ngazi ndiyo iliyokuwepo!" Nikachukua kalamu na karatasi, nikakaa sakafuni, nikaanza kumwandikia shemeji. Nilikuwa nimefika nusu ukurasa dada alipouliza niandikacho.

Nikamsomea.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "unawaambia ni mimi niliyemfunga mtoto wangu asitembee."

"Siyo hivyo. Naeleza sababu."

"Mdogo wangu, sababu ina jina langu. Ya kwao ina jina langu, ya kwako ina jina langu. Ya kwao angalau ina dawa."

"Lakini ya kwangu ni kweli!"

"Chini kulikuwa na maji na nguruwe. Ungemwachia wewe?"

Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaenda nayo jikoni, na ndiyo iliyowasha moto wa chai. Sikumzuia. Nilikaa na kalamu yangu, nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Likizo ikaisha mtoto akiwa bado anajiburuza. Mwezi wa pili chuoni nikapata barua ya mama, mistari sita. Mtoto anatembea. Shemeji amekuja amewachukua. Tumeshukuru Mungu. Hakuandika alianzaje: alishika nini, aliachia nini, nani alikuwepo. Niliandika kuuliza. Mama akajibu kwamba ni lile shimo. Dada alinitumia salamu kwamba mkwewe anasema ni hirizi aliyoituma ikafungwa mguuni wiki moja kabla. Mimi bado nilisema ni sakafu ya saruji. Kigari, niliambiwa, sasa hufunikiwa kuku mwenye vifaranga.

Mama mkwe alifariki miaka mingi baadaye, na tulikwenda kwenye arobaini yake tukivuka mto kwa daraja. Mtoto yule alikuwa msichana mrefu, anakimbia na ndoo kichwani. Nilikaa kuchambua mchele na mdogo wa marehemu, bibi mcheshi ambaye hakujua chochote kuhusu ugomvi wetu wa barazani. Alimtazama msichana akipita, akasema ukoo huu wote miguu yao mizito, hufunguka kwa kuchelewa. Nikamwuliza ukoo upi.

Akasema shemeji yangu mwenyewe alifungwa kanga dunguni hadi msimu wa tatu, hajui kusimama, na kwa ajili hiyo mama yake, huyo huyo marehemu, alirudishwa kwao Chumbi akiambiwa amembemenda mwanawe, akakaa huko mpaka mpunga ukavunwa.