Mama Ananipigia Magoti, Watu Wanasema Nimemroga

Admin, jina langu lifiche kabisa, Sumbawanga hii tunajuana. Nina miaka arobaini na tatu, nauza ulezi na mahindi sokoni, na naishi na mama yangu mzazi aliyepoteza kumbukumbu. Hospitali waliniambia ni ugonjwa wa ubongo, hauponi, kazi yangu ni kumtunza tu. Kumtunza tu! Mtu anakwambia hivyo halafu anaita mgonjwa mwingine.

Jamani, nimechoka. Nikimwogesha ananing'ata. Nikimpikia anasema namlisha sumu. Nikienda sokoni namfungia ndani, maana alishawahi kutoka akakutwa barabara ya Mpui, peku, eti anawahi kupalilia. Mume wangu alivumilia, mwisho akarudi kwao Mbeya. Simlaumu sana. Kaka yangu mkubwa yuko kijijini Kate, kazi yake ni kupiga simu, "Mama anaendeleaje?" Mimi hajawahi kuniuliza naendeleaje, hata kwa bahati mbaya.

Sasa kilichonimaliza ni hiki. Mama hanijui tena kama mwanae. Anadhani mimi ni mamamkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, aliyefariki zamani. Wanasema nimefanana naye mno. Basi kila akiniona anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, ananisalimia kwa Kifipa kama mke anavyomsalimia mama wa mumewe huku kwetu. Mwanzoni nilikuwa namwinua: "Mama, ni mimi mwanao!" Anaogopa, analia, anaomba msamaha kwa makosa ya jikoni ya enzi hizo. Nikaona isiwe tabu. Nikawa naitikia kama bibi: "Inuka mwanangu, umepika vizuri." Anatulia, anakula, hata anatabasamu.

Juzi jumuiya walikuja kusali kwetu. Natoka jikoni na chai, mama huyo chini, magoti na makofi. Nami kwa mazoea nikajibu, "Inuka mwanangu." Mama mmoja akasema, "Yesu wangu! Mzazi anakupigia magoti na wewe unapokea?" Nilieleza mpaka sauti ikanikauka. Waliondoka, chai hakuna aliyeigusa.

Habari zikafika Kate kabla sijaosha vikombe. Kaka akapiga: "Wewe, umemfanya mama msukule ili biashara yako iende! Jumamosi nakuja kumchukua, nampeleka kwa mtaalamu akamfungue."

Huyo mtaalamu kazi zake nazijua, ni chale na kufukiza watu chini ya blanketi. Mama yangu hata maji ya uvuguvugu yanamtisha. Atalia, atamwita mamamkwe wake aje amtetee, na hakuna mtu pale atakayejua anamwita nani.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Kaka aliposema atamchukua, kabla hata sijakasirika, nilisikia nafuu. Niliwaza usingizi. Nguo za mama nimezifunga kwenye mfuko, nikazifungua, nikazifunga tena. Sokoni wateja wanaikwepa meza yangu, na wanajumuiya hawapokei simu zangu.

Ninyi mliouguza wazazi wa namna hii, semeni na mimi kabla Jumamosi haijafika. Nimkatalie kaka, au nimwache aende naye? Na mkisema nimkatalie, niambieni pia nikishamkatalia nabaki na nani, kwa sababu peke yangu siwezi tena.