Severin na Nywila Iliyokataliwa

Kwa miaka kumi na miwili, chama cha wakulima wa viungo pale Kihonda kilikuwa na mtu mmoja tu wa kompyuta, naye ni Severin. Printa ikimeza karatasi, Severin. Intaneti ikilala, Severin. Hata birika la umeme lilipoungua waya alitafutwa yeye, akalitengeneza huku akilalamika kwamba hakusomea mabirika. Ukimsikia mtu analalamika hivyo, usimhurumie. Anapenda kuitwa.

Kisha akaja Mwanvita, binti wa Kiluguru wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa amemaliza chuo pale Mazimbu. Kila asubuhi alipita kwenye meza ya Severin na kusema shikamoo kaka Severin, kwa heshima zote, akasubiri marahaba yake ndipo akaenda kukaa. Hilo lilimuudhi Severin kuliko kiburi. Angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi kumchukia.

Wivu ulianzia kwenye karanga. Pili, karani wao, kwao ni Gairo, na kila akitoka likizo alimletea Severin mfuko wa karanga kwa sababu ya wema wake wa kuirudisha kompyuta yake kila ilipoganda. Safari hii Pili aliweka mfuko kwa Severin na mfuko mwingine wa ukubwa uleule kwa Mwanvita. Severin aliipima mifuko yote miwili kwa jicho, akaona ule wa Mwanvita umejaa zaidi. Haukuwa umejaa zaidi, lakini nenda kamwambie mtu mwenye wivu.

Masika ya mwaka huo radi ilipiga nguzo ya umeme, na kompyuta kuu ya ofisi ikaungua. Kanzidata ya wakulima, yaani hifadhi ya majina yao, ilipona, kwa kuwa nakala yake ilikuwa kwenye diski ya akiba. Kanzidata hiyo ilikuwa kazi ya Severin, na tumpe haki yake, ilikuwa kazi nzuri. Alipoanza hapo chamani, orodha za wakulima wa kugawiwa miche zilikuwa vurugu tupu. Mkulima mmoja aliandikwa kwa jina la msikitini, akaandikwa tena kwa jina la baba, na mara ya tatu kwa ukoo wa mama, kwa sababu kule milimani shamba hurithiwa upande wa mama. Mtu mmoja akawa watu watatu, na jirani yake akakosa miche. Severin alipanda hadi vijiji vya Kinole na Tegetero kwa miguu yake, akauliza mpaka akaelewa nani ni nani, akaongeza safu ya ukoo wa mama. Tangu hapo ugomvi ukaisha. Kila mwaka, gari la miche lilipopanda mlimani, yeye ndiye aliyekaa mbele na orodha mapajani, na wazee wa kule walimwita kwa jina. Siku hiyo moja aliipenda kuliko sikukuu.

Sasa miche ya mdalasini na karafuu ilikuwa imefika, gari lingeondoka Jumamosi, na meneja, Bi Mwajuma, akampa Mwanvita kazi ya kuandika skripti, yaani programu fupi, ya Python kwenye kompyuta mpya, isome ile kanzidata ya zamani na kutoa orodha ya kila kijiji. Alisema pia kwamba atakayeitoa orodha ndiye atakayepanda nayo. Hakumtazama hata Severin alipokuwa akisema. Kijiba cha roho kikamkaa Severin kifuani, kikakataa kushuka.

Jumanne, Mwanvita alikwama mara ya kwanza. Skripti ilidai haioni draiva, yaani kile kijiprogramu cha kuiwezesha Python kuongea na kanzidata, ingawa draiva ilikuwamo kwenye kompyuta na kila mtu aliiona. Severin akatabasamu nyuma ya kikombe chake. Yeye tatizo hilohilo lilimla wiki nzima mwaka 2014. Mwanvita lilimla saa moja. Aligundua kwamba draiva ni ya biti thelathini na mbili na Python yake ni ya biti sitini na nne, na hizo mbili haziongei, akaiondoa Python na kuweka ya biti thelathini na mbili. Akaja mbio kumweleza Severin, uso umemng'aa. Severin akasema vizuri, na neno hilo likamuuma kama jino bovu.

Alipojaribu tena, draiva ikaonekana, lakini kanzidata ikakataa kufunguka, ikidai jina la mtumiaji au nywila si sahihi. Mwanvita akarudi kumwomba nywila. Severin akamwandikia kwenye kikaratasi, herufi kwa herufi, bila kudanganya hata moja.

Alichoacha kusema ni hiki. Kanzidata ile ya zamani haikuhifadhi watumiaji ndani yake. Iliwahifadhi kwenye faili jingine dogo, na skripti ilipaswa kuonyeshwa faili hilo liko wapi. Bila hilo, nywila iliyo sahihi na isiyo sahihi hukataliwa sawasawa. Faili lenyewe liliungua pamoja na kompyuta, ila nakala moja ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilining'inia kwenye funguo za Severin, mfukoni. Akajiambia kwamba ameulizwa nywila, na nywila ametoa.

Jumatano nzima Mwanvita alihangaika. Alihamisha kanzidata kutoka folda moja hadi nyingine, akaiandika upya njia yake, akafuata ushauri wa mtandaoni ambao kila mmoja ulimpeleka upande wake. Alhamisi akarudi na kile kikaratasi, akauliza kama hiyo ni herufi O au ni sifuri. Severin akajibu kwamba ni herufi, ajaribu tena taratibu. Macho ya binti yalikuwa mekundu. Severin aliona, na nitasema kweli, alisikia utamu.

Bi Mwajuma alipoona siku zinakwisha, aliagiza fomu za karatasi zitolewe kabatini, na Pili na wenzake wawili wakaanza kunakili majina kwa mkono, wakulima elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Fomu zile zilikuwa za kabla ya Severin. Kufikia mchana Pili alikuwa amemwandika Mzee Dadi wa Tegetero mara tatu, kwa majina matatu, akafuta, akaandika tena.

Nyumbani Severin alimsimulia mkewe, Juliana, jinsi vijana wa chuo wa siku hizi wanavyojua maneno mengi na kazi hawaiwezi. Juliana alikuwa akikunja nguo. Akauliza kama yeye hawezi kumwonyesha. Severin akasema hajaulizwa.

"Hiyo ni roho ya kwa nini, baba," Juliana alisema, akaendelea kukunja. Severin akaendelea kula wali wake.

Ijumaa saa nane mchana, gari likiwa limeshapakiwa miche nje, Mwanvita alisimama mbele ya ofisi nzima akamwambia Bi Mwajuma kwamba ameshindwa, akaomba kazi hiyo apewe mwingine. Sauti yake ilikatika katikati. Bi Mwajuma akageuka akamuuliza Severin kama yeye anaweza.

Severin aliinuka, akachomekea shati, akatembea hadi pale kwa hatua za bwana harusi. Akachomoa funguo mfukoni, akachomeka flashi, akaongeza mstari mmoja tu kwenye skripti ya Mwanvita, mstari wa kuonyesha lile faili dogo liko wapi. Akabonyeza. Majina yakashuka kwenye skrini, Kinole, Tegetero, Tawa, kila mtu mara moja, na ukoo wa mama yake pembeni.

Ofisi ikapiga makofi. Pili naye alipiga, kidole chake cha kati kikiwa kimefungwa plasta kwa sababu ya kalamu. Bi Mwajuma akasema kweli, ya kale ni dhahabu. Basi mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Severin angenyamaza hapo angekuwa mshindi, lakini alikuwa amekaa na njaa ya makofi kwa miezi mitatu, tangu Mwanvita afike. Akawaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba faili lile alilitengeneza kwa mikono yake, kwamba bila hilo hakuna anayeweza kuingia, awe amesoma chuo gani, na ndiyo maana yeye haliachi hata siku moja, hutembea nalo.

Makofi yakafa. Pili ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo tangu Jumanne ulikuwa nalo mfukoni?"

"Hakuniuliza faili. Aliniuliza nywila."

Kichwani mwake jibu hilo lilikuwa limesimama vizuri siku tatu nzima. Sasa alilisikia kwa masikio ya wenzake, na uso ukamwaka moto. Alimtazama Mwanvita akitegemea hasira, kwani hasira angeijibu. Mwanvita alikuwa akinakili ule mstari kwenye daftari lake. Akamaliza, akasema asante kaka Severin, akaomba na nakala ya lile faili ili siku Severin akisafiri ofisi isikwame. Severin akampa.

Bi Mwajuma akamwambia Mwanvita ajiandae, kesho saa kumi na mbili apande na gari.

Severin akasema, kwa sauti ya chini sasa, kwamba orodha ameitoa yeye, na kule juu wanamjua, na koo zao anazijua moja moja.

"Najua, Severin," alisema Bi Mwajuma, bila ukali wowote. "Lakini kule nahitaji mtu ambaye mkulima akikosea kuuliza, bado atamjibu."

Printa ikaanza kutoa kurasa za Tegetero. Hakuna aliyemwagiza, lakini Severin alisogea, akazipokea moja moja na kuzipanga, majina yale aliyoyapandia mlima kwa miguu, kisha akamkabidhi Mwanvita.